Mlango wa Boksi la Stima: Somo kwa Vikundi

Ndugu wanakikundi, hapa Silanga vikundi vingi vina chumba chenye stima: mahali pa mkutano, kinyozi au mashine ya kusaga. Mara nyingi mlango wa boksi la stima umeng'oka ama umefungwa kwa kamba. Tunasema, "Si neno, taa zinawaka." Lakini stima yetu ni volti 240, na mtoto haoni tofauti ya boksi na kabati.

Mlango mzuri ukoje?

1. Ni wa chuma ama plastiki isiyoshika moto upesi. Mbao na katoni hapana.
2. Ukifungwa haubaki mwanya wa kupitisha kidole. Boksi la nje lizuie mvua.
3. Mlango wa chuma uungwe na waya wa ardhi. Bawaba pekee hazitoshi, kwani kutu na rangi huzuia stima kupita. Waya ukichubuka na kugusa mlango usio na ardhi, anayefungua hupigwa.
4. Ufungwe kwa ufunguo, lakini swichi kuu izimwe haraka moto ukitokea. Watu wawili wajue ufunguo uliko.
5. Nyuma yake kuwe na kifuniko cha pili kinachoficha nyaya.

Tusiweke magunia mbele ya boksi. Matengenezo tumwachie fundi mwenye leseni ya EPRA.

Tujadiliane: Boksi letu likoje? Ufunguo anao nani? Fundi tutamlipa kutoka mfuko gani, na lini?