Picha Hukatwa Kabla Hakujapambazuka

Njoo ukae hapa, mdogo wangu. Leo sitaki habari za wachumba wala za mawifi. Nataka tuongee muvi, maana naona zinawachanganya wengi na mnaona haya kusema. Kuna binti anaficha kwamba tamthilia za mapenzi zinamchosha, roho yake iko kwenye risasi na magari yanayopinduka. Kuna ambaye akiangalia picha ya kutisha halali siku tatu, taa inawaka mpaka asubuhi. Na kuna yule ambaye akimaliza kumtazama steringi, naye anatoka mlangoni amekuwa steringi, mabega juu, hasikii la mtu. Huyo wa mwisho ndiye aliyenifanya nikuite.

Kwanza ondoa haya. Mimi dada yako nimekulia kwenye mabanda ya video. Kaka yetu alikuwa ananishika mkono tunapenya kwenye mabenchi, jenereta inanguruma nje, sauti ya Lufufu, yule msimulizi wa muvi kwa Kiswahili, inatutafsiria nani adui na nani mwenzetu. Sehemu za damu nilijifunika kanga usoni nikachungulia kwa jicho moja. Jambo moja tulikuwa na hakika nalo: steringi hafi. Hakika hiyo ilikuwa tamu, hasa kwa watoto ambao nyumbani hawakujua kesho watakula nini. Kwa hiyo mtu asikwambie picha za mapigano ni za wahuni. Aliyeonewa kutwa nzima ana haki ya kukaa saa mbili akaona mwonevu anaanguka.

Lakini kuna jambo nakwambia, na nitalirudia mpaka ulichoke. Picha hukatwa kabla hakujapambazuka. Steringi anaua watu ishirini, anafuta damu mdomoni, anawasha gari, muziki unapanda, majina yanaanza kupita. Wanaokuja kubeba maiti huwaoni. Mama wa yule mlinzi wa getini aliyepigwa risasi mwanzoni kabisa, humwoni akipokea simu. Bili ya hospitali, kituo cha polisi, mahakama, nyumba iliyoungua, vyote vinabaki nyuma ya pazia. Na huko nyuma ya pazia ndiko tunakoishi mimi na wewe.

Mchukue John Wick. Najua mnampenda, hata mimi nampenda. Ya kwanza ya Keanu Reeves ilitoka mwaka 2014, na mwongozaji wake, Chad Stahelski, ndiye aliyekuwa akimchezea vipande vya hatari kwenye The Matrix. Ndiyo maana zile ngumi unaziona zote, kuanzia mkono unapoinuka mpaka unapotua, kamera haihangaiki kuficha uongo. Kwa ufundi sina neno. Ya nne, iliyotoka 2023, inakaribia saa tatu na sikuinuka kitini. Lakini umewahi kujiuliza yote yale yalianzia wapi? Mtu kafiwa na mke. Wamezika, watu wametawanyika, karudi peke yake kwenye jumba kubwa. Mke kabla hajafariki alimwandalia mbwa mdogo, aletwe akishaondoka, ili mumewe awe na kitu cha kupenda. Vijana wakavamia usiku, wakamuua mbwa, wakachukua gari. Mimi nikiitazama ile nyumba tupu huumia kuliko kwenye risasi zote zinazofuata. Hakuna aliyemkalia matanga yule bwana. Hakuna shangazi jikoni, hakuna wazee kwenye mkeka nje, hakuna wa kumshikia kikombe cha uji na kumwambia kunywa, lazima unywe. Msiba aliubeba mwenyewe, ukageuka bunduki. Na bunduki haikumletea usingizi. Ya pili, ya tatu, ya nne, bado anakimbizwa, na wanaomsaidia wanaponzeka.

Sasa wewe unayetamani mwanaume wa aina ile, mkimya, haulizi, hajibu, macho makali, fikiri mara mbili, mdogo wangu. Ukimya ule ni kidonda. Mwanaume asiyejua kulia atakuliza wewe. Na wewe kijana uliyefiwa, unayejifungia chumbani na muvi mpaka alfajiri ukidhani unajikaza, fungua mlango. Muvi zitakusubiri. Toka ukakae na watu.

Nije kwenye ile iliyoingia ndani ya nyumba yetu. The Beekeeper, ya mwaka 2024, ya Jason Statham. Yeye ni mfuga nyuki, amepanga kwa mwalimu mstaafu, mama mtu mzima anayechezwa na Phylicia Rashad. Matapeli wanampata huyo mama kwa kompyuta na simu, wanamkomba akiba yake yote, na pamoja nayo zaidi ya dola milioni mbili za mfuko wa hisani aliokabidhiwa kuutunza. Mama wa watu anajiua. Statham anakwenda kwenye ofisi ya matapeli na petroli, anaichoma moto. Nilikokuwa nikiitazama watu walishangilia. Mimi nilikuwa bado niko na yule mama, dakika zile alizobaki peke yake na simu yake.

Kwa sababu mama yetu ni mweka hazina wa kikoba.

Alipigiwa simu mchana na kijana mwenye adabu nyingi, shikamoo mama, samahani mama, kuna pesa imeingia kwako kimakosa, tusaidie kuirudisha. Bonyeza hapa, mama. Weka namba ya siri, mama. Zikaondoka fedha za kina mama kumi na wanane. Nilipofika jioni nilimkuta sebuleni, taa imezimwa, kanga ameivuta mpaka usoni. Hakutaja kiasi. Alisema tu, nitawaambia nini wenzangu? Mdogo wangu, nilielewa siku ile kwamba tapeli anaiba vitu viwili, na fedha ndiyo kile kidogo. Kikubwa ni uso. Mtu mzima anaanza kujiona mjinga mbele ya watoto aliowasomesha.

Mdogo wetu wa kiume alikuwa ameiangalia ile picha mara mbili ndani ya wiki ile. Hakukaa na mama hata dakika tano. Alitoka na wenzake wawili moja kwa moja mpaka kwa kijana wakala wa pesa pale barabarani, kwa kuwa mama aliweka pesa pale asubuhi. Ushahidi wote ndio huo. Wakamtoa kibandani, wakampasua mdomo, wakamvunjia simu. Kama mpita njia mmoja angepaza sauti ya mwizi, tungekuwa leo tunamsomea dua kijana wa watu, na wa kwetu yuko gerezani. Mama muuza vitumbua ndiye aliyejitosa katikati akiwa na mwiko wake mkononi.

Yule wakala hakuhusika. Laini iliyotumika ilikuja kuonekana imesajiliwa kwa alama za vidole za mzee mmoja wa kijijini, ambaye wala hakujua kwamba ina jina lake. Unaona tofauti? Statham akifungua mlango wa ile ofisi, kila aliyemo ana hatia. Aliyetunga hadithi ameshampitishia hukumu. Wewe ukitoka nyumbani na ngumi zako, nani amekupitishia? Hasira hasara, walisema wazee, na sisi tuliilipa taslimu: tiba ya mdomo, kioo cha simu, siku za kazi alizopoteza yule kijana. Na mama, ambaye hata hajawaona wenzake wa kikoba, ikabidi avae ushungi akamwombe radhi mama wa yule wakala. Aibu juu ya aibu. Mdogo wetu simchukii. Alikuwa anampenda mama yake na hakujua afanye nini na hayo mapenzi, picha ikampa jibu la haraka. Wangapi kati yenu mngefanya vilevile?

Kilichomsaidia mama hakina mlipuko hata mmoja. Nililala naye kitanda kimoja usiku ule. Asubuhi nilimshika mkono tukaenda kwa kina mama, akasema mwenyewe, sauti inatetemeka. Wawili wakaangua kilio, kumbe nao walishatapeliwa hivyo hivyo, wakanyamaza hata kwa waume zao. Tukaandikisha maelezo polisi. Namba ya tapeli tukaituma 15040 kuripoti utapeli, na nyumba nzima tukabonyeza *106# kila mmoja aone laini zilizosajiliwa kwa kitambulisho chake. Na wewe fanya leo, usiseme kesho. Fedha hazikurudi. Mama amerudi.

Basi mdogo wangu, ukitaka picha ya mtu aliyeporwa, nakutuma kwenye nyingine. Rebel Ridge, nayo ya 2024, ya Jeremy Saulnier. Kijana Terry, anayechezwa na Aaron Pierre, anaendesha baiskeli akiwa na dola 36,000 ndani ya begi. Sehemu ya fedha hizo ni za dhamana ya binamu yake. Polisi wanamgonga kwa gari, wanamfunga pingu, wanachukua begi. Kule Marekani iko sheria inayowaruhusu kushikilia fedha wanazozishuku ni za uhalifu, hata kama mwenyewe hajahukumiwa kwa kosa lolote, kwa hiyo wizi unafanyika mchana kweupe na karatasi zinasainiwa. Terry alikuwa mwanajeshi. Ana uwezo wa kukilaza kituo kizima. Lakini utamwona anaongea kwa heshima, anauliza, anarudi, anatoa nafasi ya kumaliza mambo kwa amani, wao wanaikataa. Na hata mikono inapoanza kuongea, yeye ananyang'anya silaha zaidi kuliko kuua. Nilikaa mbele ya ile picha nimekunja vidole vya miguu. Inatisha kuliko mabomu, kwa sababu unajua kila sekunde kwamba anaweza, na anajizuia. Mwisho sitakumalizia utamu. Nitakwambia tu kwamba gari la mwisho linakimbizwa hospitali.

Watu wengine watakwambia inakwenda polepole. Waache. Mwenye pupa hadiriki kula tamu.

Na wewe unayeogopa, usiyelala, usidhani nimekusahau. Hofu haina ujinga ndani yake. Kuna picha inagusa mahali ambapo tayari palikuwa panauma, ndiyo maana wenzako wanacheka na wewe unatetemeka. Usiangalie peke yako saa sita usiku, wala usijilazimishe kumaliza ili usionekane mtoto. Zima. Ukiwa tayari, mchana, tena na mtu wa karibu, tafuta A Quiet Place: Day One. Humo yumo Lupita Nyong'o, binti wa Kenya, anacheza mwanamke mwenye saratani ambaye siku zake zilikuwa zinahesabika kabla hata viumbe vya kutoka angani havijashuka New York. Viumbe vyenyewe haviwindi kwa macho, vinafuata sauti, kwa hiyo mji mzima unatembea kwa kunyata. Watu wote wanakimbilia kwenye maboti. Yeye anageuka upande wa pili, na paka wake mkononi, anakwenda Harlem kula pitsa, kwa sababu ya kumbukumbu ya baba yake. Ni hilo tu. Hana bunduki, haokoi dunia. Na Lupita mwenyewe alikuwa mwoga wa paka, ilibidi ajizoeze kwanza. Nililia kwenye picha ile kilio kizuri, kile kinachokuacha mwepesi. Kuna sehemu wanapiga kelele radi inapolia, ili ngurumo iwafunike. Ukifika hapo utanikumbuka.

Wewe binti unayeona haya kupenda ngumi, nenda kaone The Woman King ya 2022, majeshi ya wanawake wa Dahomey, Viola Davis akiwa mbele yao na miaka yake zaidi ya hamsini, misuli imejichora mgongoni. Sina zaidi ya kukwambia. Kaone, halafu acha kujificha.

Narudi kwako wewe wa mabega juu. Sikukatazi. Angalia, shangilia, piga meza. Lakini majina yakianza kupita, kaa kidogo kabla hujainuka, mpaka mapigo ya moyo yatulie. Kama kuna mtu amekukosea kweli, usitoke nyumbani usiku huo huo. Mtafute kwanza aliyeumia, ukae naye. Mdogo wetu alimpita mama yake gizani akaenda kumtafuta adui, na hilo ndilo mpaka leo likimjia anainamisha kichwa, kuliko hata mdomo wa yule kijana.

Mwezi uliopita tulikuwa wote nyumbani. Yeye mwenyewe ndiye aliyeiweka Rebel Ridge, akawa anamtafsiria mama kwa sauti ya chini, kama Lufufu wetu wa zamani. Mama alikuwa anachambua mchele kwenye ungo. Polisi walipochukua lile begi aliacha kuchambua. Akatazama muda mrefu, halafu akauliza, "Huyu naye, zake zilirudi?"

Mdogo wetu akasogea akakaa naye pale chini kwenye mkeka. "Subiri, mama," akamwambia. "Bado haijaisha."