Mdogo wangu, Giulietta utalipeleka kwa fundi gani?

Mdogo wangu wa Gachoka, ujumbe wako nimeusoma wote, na picha nimezitazama kuliko inavyofaa mtu mzima. Mkopo wa sacco umepita, watoto wanakua, na umeona Alfa Romeo Giulietta jekundu Nairobi kwa bei inayokaribiana na ya Axio. Baba mkwe naye anakuunga mkono kwa sababu anakumbuka Waitaliano walivyotamba kwenye Safari Rally. Haya, njoo tuongee kidada.

Kwanza, macho unayo. Giulietta lilitoka 2010, mwaka ambao Alfa Romeo ilitimiza miaka 100, na mwaka huo huo likapewa nyota tano za usalama na Euro NCAP. Kwa mama wa watoto hilo si jambo dogo. Halafu ule urembo! Kitasa cha mlango wa nyuma wamekificha juu, kwenye pembe nyeusi kando ya kioo, hadi mtu adhani gari lina milango miwili tu. Mama mkwe wako atasimama hapo akipapasa bati huku kikapu kinamlemea, na wewe umo ndani unacheka. Buti ni lita 350: gunia la ndengu na mabegi ya shule, basi, umemaliza.

Sasa turudi kwa mzee, maana hajasema uongo. Lancia Delta, gari la hao Waitaliano anaowakumbuka, lilizaliwa gari dogo la familia lenye madaha, kama hili lako. Mchoro ulikuwa wa Giorgetto Giugiaro, na likachaguliwa Gari la Mwaka Ulaya 1980. Miki Biasion alishinda Safari nalo 1988, akarudia 1989, kisha Juha Kankkunen akashinda nalo 1991. Ila mwambie mzee amalizie hadithi. Delta lile liliimarishwa kwa ajili ya mashimo yetu, likafuatwa na mafundi wa kiwanda na magari yaliyojaa spea, na angani helikopta. Wewe likizima saa moja jioni kati ya Kiritiri na Kamburu, utampigia nani?

Hilo ndilo linalonisumbua. Gari si baya. Ni mgeni asiye na ndugu huku. Probox ya kubeba muguka ikikohoa, fundi wa Kiritiri ana spea, au anamjua aliye nayo Embu mjini, na jioni hiyo hiyo iko barabarani. Giulietta likiwasha taa ya njano kwenye dashibodi, linataka mashine ya kupimia yenye programu yake, na mtu anayeelewa inachosema. Injini yake ya 1.4 MultiAir hufungua vali za hewa kwa msukumo wa oili. Oili ikichakaa, au ukitiliwa yoyote iliyopo kwenye rafu, kifaa hicho huharibika, na si kitu cha kukarabatiwa chini ya mwembe. Gia boksi ya TCT nayo ina klachi mbili kavu zisizopenda kutambaa kwenye jam ya Thika Road. Na barabara ya murram ya kuingia kwako, tumbo la gari hili liko chini, dada. Mawe yatalijua jina.

Bei imeshuka kwa sababu muuzaji anajua wateja ni wachache. Siku utakapotaka kuuza, utawatafuta hao hao. Tena Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na Giulietta liliacha kuundwa 2020. Hayatakuja mengi, kwa hivyo hata spea za magari yaliyochinjwa zitabaki haba. Mimi ningechukua Axio, nipake rangi ya mdomo nyekundu, maisha yaendelee.

Najua hutanisikia. Basi fanya hivi. Tafuta fundi kabla ya gari: mtu anayeshughulikia Alfa au Fiat kila siku, umlipe alikague lile la Nairobi. Kama lilitoka Uingereza, aingie chini kabisa atazame kutu, kwani kule humwaga chumvi barabarani wakati wa baridi. Dai risiti za oili na za mkanda wa taimingi. Zisipokuwepo, hesabu mkanda mpya kwenye bei. Ukipata la gia za mkono, ni afadhali. Uliza kampuni ya bima kama itakubali kulipia taa na bampa zinazoagizwa ng'ambo, na jibu liwe kwa maandishi. Usimalize mkopo wote kwenye kununua. Na pesa ya mwisho isitoke mkononi mwako kabla muuzaji hajaanza kuhamisha umiliki kwenye mfumo wa NTSA, nawe ukaona ombi hilo kwa jina lako.