Mdogo Wangu, Nguvu za Asubuhi Zitafute Jioni

Wengi mnaniuliza kuhusu uchovu wa asubuhi. Mtu anaamka amechoka kuliko alivyolala, anasinzia ndani ya daladala kutoka Buhongwa hadi mjini Mwanza, na ikifika saa 4 ameshafungua kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu. Mkitafuta dawa, mnaletewa ratiba za mitandaoni: amka saa 10 alfajiri, kimbia, soma kitabu.

Ratiba hizo hazikuandikwa kwa ajili ya mtu wa Mwanza. Saa zetu ni zilezile Tanzania nzima, lakini jua likichomoza Dar es Salaam, sisi huku tunalisubiri karibu nusu saa nyingine. Kuna miezi linatoka saa 1 kasoro kidogo. Kwa hiyo ukiamka saa 11 alfajiri Buhongwa, mwili wako bado uko usiku wa manane, na ule uzito unaousikia si uvivu. Usikubali mtu akuite mvivu kwa hilo.

Najua kazi haingojei jua. Basi hesabu kurudi nyuma. Mtu mzima anahitaji usingizi wa saa 7 hivi au zaidi, kwa hiyo wa kuamka saa 11 awe amelala saa 4 usiku. Kinachokuzuia ni simu, na pia ni kazi za nyumbani unazobeba peke yako. Jaza ndoo za maji jioni. Piga pasi sare za watoto kabla ya chakula cha usiku. Unga wa uji uwe umepimwa, viazi vimeoshwa. Na kama kuna mume au kaka ndani ya nyumba, naye ana mikono. Mwambie wazi, tena mapema, usingoje mpaka umekasirika.

Jua likishatoka, lifuate. Kama uko nyumbani, fagia uwanja wakati huo. Kama uko kituoni, simama nje badala ya kujikunyata kwenye siti ya nyuma ukiperuzi simu. Mwanga wa asubuhi unauambia ubongo kwamba usiku umekwisha, na ndio unaopanga saa utakayosikia usingizi jioni. Dakika 10 au 20 si haba, na hazina gharama.

Kuhusu chakula nitasema kwa mkazo. Andazi na chai yenye sukari nyingi haviwezi kukufikisha mchana, na sisi Usukumani tuna vitu bora kuliko hivyo. Chukua michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa vipande na kuanikwa. Vichemshe mpaka vilainike, kisha uchanganye na karanga zilizotwangwa mpaka mchuzi uwe mzito. Bakuli moja linakaa tumboni. Uji wa ulezi nao ni mzuri, na dagaa waliobaki jana wala usiwaonee aibu asubuhi. Chai ya majani inywe saa moja baada ya kula, kwa sababu inapunguza madini ya chuma ambayo mwili ungeyapata kwenye chakula, na wengi wetu damu ni pungufu tayari.

Sasa, umelala vizuri wiki mbili, umekula, na bado miguu mizito? Hapo acha kujilaumu, nenda kituo cha afya. Uchovu usioisha unaweza kuwa upungufu wa damu, malaria, mimba changa au kichocho. Kichocho cha huku ziwani huingia kupitia ngozi unapokanyaga maji yenye vimelea vitokavyo kwa konokono, kisha kinakaa mwilini kimyakimya, hata miaka. Kina dawa, praziquantel. Omba upimwe damu na choo, na umwambie mhudumu kama huwa unafua, unaoga au unachota maji ziwani, maana asipolijua hilo anaweza asifikirie kukupima kichocho.