Dondoo muhimu: Lisbon kwa gari, nusu siku

Lisbon imejengwa juu ya vilima, na jua la Julai humchosha haraka mtembea kwa miguu. Mwenye muda mfupi akodi gari lenye dereva anayeujua mji na historia yake.

Anzia Belém, magharibi mwa mji, asubuhi kabla mabasi ya watalii hayajajaa. Ndani ya kanisa la monasteri ya Jerónimos limo kaburi la Vasco da Gama, aliyetia nanga Malindi mwaka 1498. Kwa mtu wa pwani yetu, hapo ndipo pa kukaa zaidi. Usiende Jumatatu, monasteri hufungwa.

Kisha nenda mtaa wa Alfama, ambao vichochoro vyake haviingiliki kwa gari. Mwombe dereva akushushe juu, Portas do Sol, uteremke taratibu, akusubiri chini. Vaa viatu visivyoteleza.

Kabla ya kulipa, pata kwa maandishi: bei ni ya gari zima au ya kila abiria? Tiketi za kuingilia zimo? Muda ukizidi, unatozwaje? Mwenye mtoto mdogo aagize kiti chake mapema, kwani sheria ya Ureno inakitaka.