Kuuongoza Mti Unaoanguka: Kamba, Puli na Winchi kwenye Miteremko ya Idjwi

Mti unaokatwa huangukia upande ulikolalia uzito wake. Mkaratusi ulioota kwenye mteremko hukunjua matawi mengi upande wenye nafasi na mwanga, na mara nyingi upande huo ndio wa bondeni. Katika kisiwa cha Idjwi, kuanzia Rubenga upande wa kaskazini hadi Ntambuka upande wa kusini, bondeni ndiko kuliko nyumba, migomba, kahawa na njia ya kwenda ziwani. Mashamba yamebanana, na mti usio na mtu wala mali chini yake ni wa kutafuta. Kamba iliyofungwa vizuri huupa mti huo njia nyingine ya kulalia.

Kazi huanza kwa kuutazama mti kutoka pande mbili zinazokutana kwa pembe mraba. Uzi wenye jiwe ukininginizwa mbele ya jicho huonyesha mti umeinama kiasi gani; jicho tupu hudanganywa na mteremko. Matawi makavu, uozo shinani na mimea itambaayo inayoufunga mti na jirani yake huchunguzwa wakati huohuo. Asubuhi ndiyo saa nzuri ya kazi. Jua likipanda, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani kwenda nchi kavu, na kilele cha mkaratusi huukamata kama tanga.

Urefu wa mahali kamba inapofungwa una maana zaidi kuliko nguvu za wavutaji. Mfano ni mkaratusi wa tani 1 wenye urefu wa mita 25, ambao kitovu cha uzito wake kimekaa mita 1 nyuma ya sehemu ya kukatia. Kamba ikifungwa mita 15 juu ya kisiki, na puli ikawekwa mita 30 mbele ya shina, mvuto wa kilo 75 hivi unausawazisha. Kamba ileile ikifungwa mita 3 tu kutoka chini, mvuto unaotakiwa unapita kilo 330. Puli nayo ikisogezwa hadi mita 10 kutoka shinani, kamba huvuta kuelekea chini zaidi kuliko mbele: kilo 75 zinakuwa 120, na puli yenyewe imekaa mahali mti utakapoangukia. Hesabu hizi ni za kuusimamisha mti wima tu. Upepo na ugumu wa mbao vinadai akiba, kwa hiyo vifaa hupangwa kwa mvuto usiopungua mara mbili ya huo.

Kamba hupandishwa bila mtu kupanda. Uzi mwembamba uliofungwa kifuko cha mchanga hurushwa juu ya panda imara, kisha uzi huo huvuta kamba nene. Kitanzi kinachojikaza hupandishwa hadi kwenye panda na kukazwa kutoka chini. Kumpandisha kijana juu ya mti ulioinama, bila mkanda wa kumshikilia, ni desturi inayopaswa kuachwa. Kama hakuna njia nyingine, kupanda hufanyika kabla msumeno haujaugusa mti, kamwe si baadaye.

Kisiwani kamba nyingi hutoka kwenye maboti na nyavu, na hapo pana mtego. Kamba ya plastiki inayoelea majini ni nafuu, lakini jua huila: nyuzi za nje zikianza kuwa unga vidoleni, kamba hiyo ibaki kufungia mbuzi. Nailoni ni imara, ila hunyumbuka sana. Ikikatika hurudi kwa kasi ya mjeledi na inaweza kuua. Poliesta hunyumbuka kidogo na ndiyo inayofaa zaidi. Katani huoza kwa ndani huku nje ikionekana nzima. Kamba yoyote haipewi mzigo unaozidi moja ya tano ya nguvu inayoikata, na fundo peke yake laweza kuondoa theluthi ya nguvu hiyo, hata zaidi.

Puli, ambayo mabaharia wa pwani huiita kapi, ina kazi mbili. Ya kwanza ni kugeuza njia ya kamba. Puli ikifungwa kwenye shina la mti mwingine mita 30 mbele, kamba ikakunjwa kwa pembe mraba, wavutaji husimama mita 25 pembeni, mbali na njia ya mti. Wengi husahau kwamba puli hubeba zaidi ya kinachovutwa. Kamba ikivutwa kwa kilo 200 na kukunjwa kwa pembe mraba, puli na mkanda wake hubeba karibu kilo 280. Ikirudishwa ilikotoka, hubeba 400. Mgomba haufai kuwa nanga, hata uwe mnene kiasi gani, wala kisiki cha zamani ambacho mchwa wamekitembelea. Mtu hasimami ndani ya pembe ya kamba, kwa sababu mkanda ukikatika puli huruka kuelekea huko.

Kazi ya pili ni kuzidisha nguvu. Puli moja ikiwa imefungwa kwenye nanga na nyingine ikiwa imeshikizwa kwenye kamba kuu, kamba hupita mara tatu na nguvu huzidishwa karibu mara tatu. Watu 3 wanaovuta kilo 25 kila mmoja wangepata 225, lakini msuguano hula sehemu yake, na puli yenye mhimili mkavu hula zaidi. Tena hakuna cha bure: ili mti usogee mita 1, wavutaji hurudi nyuma mita 3.

Winchi ya mkono hufanya kazi hiyo polepole na kwa mtu mmoja. Inayojulikana zaidi ni Tirfor: waya wa chuma hupita kwenye jozi mbili za taya zinazoushika kwa zamu, na mkono wa mtambo huvuta unapokwenda na unaporudi. Hutengenezwa kwa ukubwa wa kilo 800, 1,600 na 3,200. Ndani yake zimo pini zinazokatika mzigo ukizidi. Pini ikikatika, mzigo ni mkubwa mno au nanga imekaa vibaya. Kuweka msumari mahali pake ni kuondoa kinga pekee iliyopo. Gari au pikipiki havichukui nafasi ya winchi, kwani dereva hauhisi mti, na gurudumu likiteleza kwenye matope mti huachiwa ghafla.

Kamba haichukui nafasi ya mkato mzuri. Mdomo hufunguliwa upande wa kuangukia, kina chake kikiwa robo ya unene wa shina au pungufu kidogo. Kamba hukazwa kiasi cha kuondoa ulegevu tu. Kisha mkato wa nyuma huingia juu kidogo ya pembe ya mdomo, kabari zikiufuata, na kuishia kabla ya bawaba: utepe wa mbao usiokatwa, wenye unene wa sehemu moja ya kumi ya shina. Bawaba ndiyo inayoushika mti kwenye njia yake. Ikikatwa yote, mti huzunguka utakavyo na kamba huwa inavuta gogo lisilo na uongozi. Kamba ikivutwa kwa nguvu mapema mno, mkaratusi hupasuka wima na nusu ya shina humrukia mkataji usoni.

Mkataji akimaliza hurudi nyuma kimshazari kupitia njia aliyoisafisha mapema, ndipo huashiria kwa mkono ili wavutaji wamalizie. Sauti haisikiki penye msumeno wa injini. Wasio kazini hukaa mita 50 mbali kwa mti wa mita 25, na mtoto mmoja kwenye njia ya ziwani anatosha kusimamisha kila kitu. Jirani na mkuu wa kijiji hujulishwa kabla ya siku hiyo.

Mti ukishalala, kamba bado inaweza kuwa imekazwa na gogo bado linaweza kubingirika. Kabari au mawe huwekwa upande wa bondeni, winchi hulegezwa hatua kwa hatua, na matawi hukatwa na mtu aliyesimama upande wa juu wa mteremko.