Kwa Nini UVIKO-19 Iliua Wengi Huku na Wachache Kule?

Mwishoni mwa Mei 2021, serikali ya Peru ilitangaza kwamba wananchi wake waliofariki kwa UVIKO-19 hawakuwa 69,000 kama ilivyokuwa ikisemwa, bali zaidi ya 180,000. Hao wengine walikuwa wameshazikwa zamani. Kilichobadilika ni namna ya kuhesabu. Kwa tangazo hilo Peru ikashika nafasi ya kwanza duniani kwa vifo, ukilinganisha na idadi ya watu wake. Serikali ilikubali aibu hiyo ili ukweli ujulikane, na inastahili heshima kwa hilo.

Wengi wetu tulilinganisha nchi kwa takwimu za redioni na simuni, kisha tukahukumu: wale wazembe, hawa wamebarikiwa. Kabla ya kuhukumu, kuna mambo ya kuulizia.

Nani alipimwa, nani alihesabiwa?

Kiwango cha vifo hupatikana kwa kugawa idadi ya waliokufa kwa idadi ya waliougua. Nchi inayopima waliozidiwa tu huonekana inapoteza wagonjwa wengi mno, maana waliougua kidogo na kupona nyumbani hawamo kwenye hesabu. Februari 2020, meli ya watalii Diamond Princess ilizuiliwa Yokohama, Japani, ikiwa na watu takriban 3,700, na karibu wote wakapimwa. Zaidi ya 700 walikutwa na virusi, na karibu nusu yao hawakuwa na dalili yoyote walipopimwa. Mahali pengine watu kama hao wasingejulikana kabisa.

Vifo navyo havikuhesabiwa kwa namna moja. Ubelgiji iliwaandika hata wazee waliofia kwenye nyumba za kulelea wazee bila kupimwa, mradi daktari alishuku UVIKO. Uingereza, Agosti 2020, iliamua kuhesabu tu waliofariki ndani ya siku 28 tangu kupimwa na kukutwa na virusi, na vifo zaidi ya 5,000 vikatoka kwenye orodha. Tanzania haikutoa takwimu kwa zaidi ya mwaka mmoja kuanzia Mei 2020, hivyo idadi yake ndogo katika orodha za dunia haithibitishi kwamba watu hawakufa.

Mjini Lusaka, Zambia, kati ya Juni na Septemba 2020, watafiti walichukua vipimo vya pua kwa maiti 364 zilizofikishwa mochwari ya hospitali kuu ya chuo kikuu. Kati ya kila maiti 100, 16 hadi 19 zilikuwa na virusi. Wengi wa hao walifia nje ya hospitali, bila kupimwa walipokuwa hai.

Ndiyo maana wataalamu huangalia vifo vya ziada, yaani vifo vyote vya mwaka vilivyozidi vile vilivyotarajiwa. Kwa 2020 na 2021, Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo hivyo kuwa milioni 14.9, wakati nchi zilikuwa zimeripoti vifo vya UVIKO milioni 5.4 tu.

Tofauti zilizo za kweli

Umri ndio wa kwanza. UVIKO-19 iliwaua wazee kuliko vijana, kwa mbali sana. Nusu ya Waitalia wana zaidi ya miaka 45. Nusu ya Waganda hawajafika 18. Hilo peke yake linaeleza mengi.

Lakini ujana haukumsaidia sana aliyezidiwa. Utafiti uliofanyika katika hospitali 64 za nchi 10 za Afrika ulionyesha kuwa kati ya wagonjwa mahututi 100, karibu 48 walifariki ndani ya siku 30. Wastani wa dunia ulikuwa chini ya 32. Sababu mojawapo ni uhaba wa oksijeni. Fikiria mtungi mkubwa wenye lita 6,800: mgonjwa anayehitaji lita 10 kwa dakika huumaliza kwa saa 11 na ushei. Wagonjwa kumi wodini ni mitungi zaidi ya ishirini kwa siku, na gari la kuileta linaweza kuwa safarini bado. Watu walikufa katika pengo hilo.

Chanjo nayo ilifanya tofauti kubwa. Mwanzoni mwa 2022, kirusi cha UVIKO cha aina ya Omikroni kilienea Hong Kong na New Zealand, sehemu mbili zilizokuwa zimejilinda vizuri kwa miaka miwili. Hong Kong wazee wengi wa zaidi ya miaka 80 hawakuwa wamechanjwa, na maelfu walikufa kwa wiki chache. New Zealand ilikuwa imewachanja wazee wake mapema, na vifo vikawa vichache sana. Afrika ilifika mwisho wa 2021 ikiwa na watu chini ya 10 kati ya 100 waliokamilisha chanjo, hasa kwa sababu nchi tajiri ziliwahi kununua na shehena kutoka India zikasimamishwa. Huo ulikuwa udhalimu, na unapaswa kuitwa hivyo.

Unachoweza kufanya wewe

Vifo vingi katika nchi zetu hutokea nyumbani na havifiki kwenye daftari lolote. Ukifiwa, toa taarifa kwa ofisi ya mtaa, kijiji au chifu, andikisha kifo, na eleza dalili alizokuwa nazo marehemu. Fanya hivyo hata kama familia haihitaji cheti kwa ajili ya mirathi.