Fimbo ya Mchungaji wa Masisi na Rangi Zinazopotea

Ukipanda Masisi, mashariki mwa Kongo, kupiga filamu, kitambaa cha kijani cha kutundika nyuma ya mtu kiache nyumbani. Vilima vingi kule ni malisho, na kijani cha majani humrukia mtu mashavuni na kwenye bidoni ya maziwa. Ukija kukata kijani cha nyuma yake, unamkata na yeye. Sisi tulitundika kitambaa cha buluu nyuma ya mchungaji mmoja mzee, nami nikaamini kazi ya mezani itakuwa nyepesi.

Nilikosea. Nilikuwa nataka kumtoa mchungaji kwenye ile buluu nimweke mbele ya msitu wa Walikale, maana simulizi lake lilihusu safari ya kuteremka huko kwa miguu. Buluu ilitoka, lakini kingo za koti zilikuwa na ngazi-ngazi, na fimbo ilikuwa na vipengo. Mzee alipopita kwangu Goma nikamwonyesha. Akaitazama kwa muda, akauliza, “Mwanangu, fimbo yangu imeliwa na panya?”

Panya mwenyewe ni 4:2:0. Simu, droni na kamera nyingi huhifadhi picha hivyo: katika kila kijisanduku cha pikseli 4, mwangaza huandikwa mara 4, ila rangi huandikwa mara moja kwa pikseli zote nne. Badala ya namba 12 zinabaki 6, na faili linakuwa jepesi. Jicho haligundui, kwa kuwa hutambua mwangaza kwa undani kuliko rangi. Programu ya kukata buluu, kinyume chake, hutafuta ukingo wa mtu kwenye rangi, pale pale palipopunguzwa.

Dawa iliyonisaidia kuliko zote ilikuwa kutazama vipimo. Tulipiga kwa 3840×2160, na filamu ilikuwa itoke kwa 1920×1080. Rangi ndani ya faili la 4:2:0 la ukubwa ule ni 1920×1080 kamili! Basi punguza picha kwanza hadi 1920×1080, ihifadhi kama mfululizo wa EXR au PNG ya biti 16 yenye RGB, ndipo ukate. Kila pikseli itakuwa na rangi yake. Kama huna ukubwa wa ziada, lainisha rangi peke yake kwa kiasi kidogo na uuache mwangaza ulivyo. Ukilainisha vyote, nywele zinageuka ukungu.

Picha za msitu zilinisumbua kwa namna nyingine. Mwenzangu alizituma kutoka Walikale kwa intaneti dhaifu, kwa hiyo alizifinya: EXR ambazo hazina R, G na B, bali Y, RY na BY. Y ni mwangaza, kamili. RY na BY ni tofauti za rangi, nusu kwa upana na nusu kwa kimo. Mpangilio huo ni halali, umo ndani ya OpenEXR yenyewe, umbo la faili ambalo Industrial Light & Magic iliwagawia watu wote mwaka 2003. Lakini programu nyingi za kuunganisha picha hutarajia kila chaneli iwe na ukubwa mmoja. Hata maktaba ya OpenImageIO, ambayo programu nyingi huitumia kusoma picha, ilizikataa kwa miaka mingi. Kwangu programu moja iligoma kabisa, nyingine ikanipa msitu wa kijivu, nami nikapoteza siku nzima nikishuku mipangilio yangu ya rangi.

Siku hizi naanza na exrheader, programu ndogo ya OpenEXR inayoorodhesha chaneli za faili. Nikiona RY na BY zenye sampling 2 2, naipitisha picha kwenye ImageMagick, ambayo huisoma kwa njia ya RGBA ya OpenEXR na kuirudisha kuwa RGB. Kisha naendesha exrheader tena, hadi nione R, G, B na 1 1. Kwa JPEG natumia ffprobe. Hapo jihadhari na picha za kusimama: JPEG ya 4:2:2 ikizungushwa nyuzi 90 bila kufinywa upya hugeuka 4:4:0, na zipo programu zisizoitambua. Ifungue kwingine, uihifadhi kama PNG.

Jambo ninalolisisitiza kwa vijana ninaofanya nao kazi ni kujaribu fremu moja mkiwa bado kilimani, kwenye kompyuta ndogo, kabla ya kukunja kitambaa. Masisi-centre ilitekwa na waasi wa M23 Januari 2025, na Machi mwaka huo wakaingia Walikale-centre, kisha wakaondoka Aprili. Hakukuwa na namna ya kurudi kupiga upya. Fimbo ya mzee niliiokoa kwa sababu faili asilia za 3840×2160 tulikuwa tumezitunza kwenye diski mbili, bila kuzigusa.